Probesheni na Dawa za Kulevya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaosimamia Wateja Wenye Uraibu

Maswali haya yametoka kwa maafisa wapya, wanafunzi walioko mazoezini, wanaojitolea na ndugu wa wateja. Mengi huulizwa kila kundi jipya linapoanza. Machache huulizwa mlangoni, mtu ameshashika kitasa anaondoka, na kwa kawaida hayo ndiyo magumu. Sheria hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo penye suala la kisheria fuata amri ya mahakama iliyo mbele yako na mwongozo wa ofisi yako.

## Mambo ya msingi

Probesheni ni nini hasa, na inatofautianaje na parole?

Probesheni ni amri ya mahakama inayomwacha mtu aliyepatikana na hatia aendelee kuishi katika jamii kwa muda maalumu, chini ya uangalizi wa afisa na kwa masharti. Akiyatimiza, shauri linaishia hapo. Akiyavunja, anaweza kurudishwa mahakamani na kuadhibiwa kwa kosa lile lile la mwanzo. Masharti ya kawaida ni kuripoti kwa afisa, kuishi mahali panapojulikana na kutotenda kosa jingine. Mwenye tatizo la dawa huongezewa matibabu, vipimo, au vyote viwili.

Parole ni ya mtu ambaye ameshatumikia sehemu ya kifungo na ameachiwa kabla ya muda kwisha. Kazi ya uangalizi inafanana sana, ila kwa watumiaji wa dawa kuna tofauti moja inayoweza kuua. Imeelezwa kwenye swali la wiki mbili za kwanza baada ya gereza.

Uraibu si kazi ya hospitali? Probesheni inaingiaje?

Iliingia siku ya kwanza. Mwaka 1841 huko Boston, fundi viatu aitwaye John Augustus alikuwa mahakamani alipoletwa mtu aliyeshtakiwa kwa ulevi. Alizungumza naye, akamwekea dhamana, na baada ya wiki kama tatu akarudi naye akiwa mtu mwingine machoni pa hakimu, ambaye alimtoza faini ya senti moja na gharama za kesi. Augustus aliendelea hivyo hadi alipofariki mwaka 1859, akiwa amewadhamini watu wanaokaribia 2,000. Kule Uingereza nako kazi hii ilianzia kwa vyama vya kupinga ulevi katika miaka ya 1870, kabla ya sheria ya mwaka 1907 kuifanya kazi rasmi. Kwa hiyo anayekuambia kwamba ulevi na dawa ni mzigo uliobandikwa juu ya probesheni ameigeuza historia kichwa chini.

Kwa upande wa kazi yenyewe, daktari humwona mteja kwa dakika chache na hakimu humwona kwa muda mfupi zaidi. Afisa ndiye pekee anayeijua mahakama, kliniki na nyumba anakolala mtu huyu. Kutibu si kazi yako. Kazi yako ni kuhakikisha matibabu yanamfikia, na kwamba tarehe ya kuripoti haigongani na saa ya kunywa dawa.

Basi mimi ni askari au mshauri wake?

Ni vyote, na mteja anajua. Wengine watakuita afande hata ukikataa mara kumi. Kosa ni kujifanya upande mmoja haupo. Ukijifanya rafiki mtupu, siku utakapoandika ripoti ya kuvunja masharti ataona umemsaliti. Ukijifanya askari mtupu, hutaambiwa kitu chochote cha maana, utabaki unasimamia karatasi.

Njia inayofanya kazi ni kusema mapema, kwa maneno mepesi: haya nitalazimika kuyapeleka mahakamani, haya yatabaki hapa, na kabla sijapeleka chochote utakisikia kwanza kutoka kwangu. Karibu majibu yote yanayofuata yanarudi kwenye jambo hili, kwamba kifaa chako kikuu ni ukweli anaokuambia mteja kwa hiari yake, na kifaa hicho huvunjika upesi.

Je, kila mteja anayetumia dawa ni mraibu?

Hapana. Kuna aliyeshikwa na kitu mfukoni ambaye hutumia mara moja moja. Kuna anayeiba kwa sababu asipopata dozi ifikapo jioni ataugua. Kuna anayetumia sana, lakini kosa lake la kumpiga mtu lina chanzo kingine kabisa. Uraibu una dalili zake: kushindwa kujizuia, kuendelea licha ya madhara, hamu kali, mwili kudai zaidi ili kupata hali ile ile, na kuugua anapokosa. Utambuzi ni wa mtaalamu wa afya. Kazi yako ni kuuliza vizuri na kumpeleka panapostahili. Ukimpeleka kila mtu kwenye programu nzito ya uraibu unaweza kuharibu zaidi ya kutengeneza, kama inavyoelezwa kwenye swali la wingi wa masharti.

## Kuingia kwenye kazi

Nisome nini?

Ofisi nyingi hudai shahada au stashahada ya ustawi wa jamii, saikolojia, sosholojia, sheria au uhalifu. Mafunzo ya uraibu kwa kawaida huongezwa ukiwa kazini. Ukipata nafasi ya kukaa kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kwa wiki nzima, ukae tu uone foleni, ichukue.

Sijawahi kutumia dawa. Watanisikiliza?

Watakujaribu, kisha watasahau. Wateja hawatafuti mtu aliyepitia yote waliyopitia. Wanaangalia kama ulisema utapiga simu kliniki Jumatatu na kama kweli ulipiga.

Aliyewahi kuwa mraibu anaweza kufanya kazi hii?

Ndiyo, na baadhi yao ni hodari kuliko sisi wengine, hasa kama waelimishaji rika wanaomsindikiza mteja kliniki siku ya kwanza. Rekodi ya jinai inaweza kuwa kikwazo cha ajira rasmi mahali fulani, hivyo uliza mapema. Jambo la kuangalia ni lile la kudhani njia iliyomfaa yeye itamfaa kila mtu. Aliyeacha kwa maombi hudharau methadoni, na aliyepona kwa methadoni huona maombi ni kupoteza muda.

Niwaite nani: wahalifu, waraibu, mateja?

Mtu anayekaa mbele yako ni mteja, au ni mama fulani, kaka fulani, kwa jina lake. Neno “teja” lina herufi moja pungufu na mzigo mara mia zaidi. Wao kwa wao wanaweza kuitana hivyo kwa utani, lakini utani huo si wako. Kwenye ripoti andika “anatumia heroini” au “ana uraibu wa pombe”, usiandike “ni mlevi”. Hakimu husoma sentensi moja hiyo na kuamua sauti atakayotumia.

## Miezi ya kwanza na mteja

Mkutano wa kwanza nianzie wapi?

Usianzie kwenye orodha ya dawa. Mtu ametoka mahakamani, kichwa kinamzunguka, na kuna uwezekano hakuelewa hata amri yenyewe. Soma naye masharti moja baada ya jingine, umwombe akueleze kwa maneno yake. Utashangaa ni wangapi wanaamini sharti la “kuhudhuria matibabu” maana yake ni kufungiwa ndani.

Kisha omba ruhusa. “Kaka, ningependa tuzungumze kidogo kuhusu matumizi yako. Ni sawa tukianza leo?” Akikubali, uliza kwa ufasaha: anatumia nini, kwa njia gani, mara ngapi, mara ya mwisho lini, na ikikosekana mwili unafanyaje. Swali la njia ya kutumia ni muhimu, kwani anayejidunga ana hatari ya virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya C, na anahitaji vipimo vya damu bila kuchelewa. Usisahau pombe na vidonge vya usingizi. Wengi hawavihesabu kuwa dawa, na ndivyo vinavyoua vikichanganywa na heroini.

Nimwekee masharti mengi ili ajue ni jambo zito?

Masharti mengi ni mitego mingi. Mtu wa kuripoti mara mbili kwa wiki, kupimwa, kuhudhuria kikundi, kufanya huduma kwa jamii na kutafuta kazi, akiwa hana nauli, ataanguka kwenye mojawapo hata kama hagusi dawa tena.

Watafiti wa Kanada, Don Andrews na James Bonta pamoja na mwenzao Robert Hoge, waliandika mwaka 1990 kanuni ambazo ofisi nyingi za probesheni duniani hutumia hadi leo. Nguvu ya uangalizi ilingane na hatari ya mtu kurudia kosa, ielekezwe kwenye mambo yanayosababisha kosa, na itolewe kwa namna ambayo mtu huyo anaweza kuipokea. Sehemu inayosahaulika ni ile ya kwanza. Mtu wa hatari ndogo ukimwingiza kwenye programu nzito unamtoa kazini, unamtenga na familia, unamkalisha kwenye duara moja na wazoefu ambao watampa namba za simu. Nimewahi kuona kijana aliyekuja kwa bangi akitoka na marafiki wa heroini, na programu yenyewe ikaandikwa kwamba “imekamilika kwa mafanikio”.

Nianze na dawa, au na makazi na kazi?

Anza na kile kinachomzuia kesho asifike kliniki. Kwa mmoja ni mahali pa kulala, kwa mwingine kitambulisho, kwa mwingine mtoto asiye na wa kumwangalia. Ubishi wa kipi kitangulie ni wa vitabuni. Mtu anayelala kwenye chumba kimoja na wanaovuta hatapona kwa unasihi wa saa moja kwa wiki, na anayepata mshahara wa kwanza akiwa hajatibiwa anaweza kuumaliza usiku mmoja.

Mteja anasema hana tatizo. Nimlazimishe akubali?

Ukimsukuma atasukuma nyuma, na kila akijitetea kwa sauti anazidi kuamini utetezi wake. Mbinu ya mazungumzo ya kuhamasisha, iliyoanza kuelezwa na mwanasaikolojia William Miller mwaka 1983, inakwenda kinyume chake: mwache yeye aseme sababu za kubadilika. Muulize anapenda nini katika kutumia, ndiyo, uliza hilo kwanza, halafu kipi hakipendi. Muulize, “Kwenye moja hadi kumi, kuacha kuna umuhimu gani kwako?” Akisema tatu, usiulize kwa nini si kumi. Uliza kwa nini si moja. Hapo ndipo anapoanza kukutajia mtoto wake, au mama yake, au meno yake.

Hakuna haja akiri kuwa mraibu ili atimize masharti. Wapo waliokwenda kliniki kwa hasira, wakisema wanakwenda kwa sababu ya mahakama tu, na mwaka uliofuata bado walikuwa wanakwenda.

## Matibabu

Kwani hawezi kuacha tu?

Inategemea anaacha nini. Arosto ya heroini ni mateso: kutapika, kuharisha, mifupa kuuma, kukosa usingizi. Kwa kawaida hufika kilele siku ya pili au ya tatu na kupungua ndani ya wiki moja hivi. Ni nadra kumuua mtu mwenye afya akipata maji na uangalizi. Pombe na vidonge vya jamii ya benzodiazepini, kama diazepamu, ni jambo jingine kabisa: mtumiaji mkubwa akikata ghafla anaweza kupata degedege na kufa. Usimwamuru wala usimsifu mtu kwa kukata pombe ghafla nyumbani. Mpeleke kwa daktari kwanza.

Na kuvuka arosto si kupona. Ni kufika mlangoni. Hamu hudumu miezi, na mwili uliosafishwa bila matibabu ya kufuatia uko hatarini zaidi kuliko kabla.

Methadoni si kubadilisha dawa kwa dawa nyingine?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na hakimu huliuliza sawa na mama mzazi. Heroini hupanda haraka na kushuka haraka, hivyo mtu huzunguka siku nzima kati ya kulewa na arosto, akitafuta fedha. Methadoni hunywewa mara moja kwa siku, hupanda taratibu na hukaa zaidi ya saa 24. Kwenye dozi sahihi mteja halewi wala haugui. Anabaki na siku nzima mikononi mwake, na wengi hawajui waifanyie nini. Hapo ndipo kazi yako inaanza.

Madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander walichapisha matokeo yao ya kwanza ya kutibu kwa methadoni huko New York mwaka 1965. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliingiza methadoni na buprenofini, dawa nyingine ya kutibu uraibu wa heroini, kwenye orodha ya dawa muhimu. Wanaobaki kwenye matibabu haya hufa kwa uchache kuliko wanaoachishwa, na hatari hupanda wanapoyakatiza. Kwa hiyo afisa anayemwambia mteja “ukitaka nikuandikie vizuri, punguza hiyo methadoni” anatoa ushauri wa kitabibu asio na ruhusa nao, na unaweza kuua. Dozi na muda ni mambo ya daktari na mgonjwa wake.

Na wanaotumia kokeini au methamfetamini?

Kwa vichangamshi hakuna dawa inayofanya kazi ya methadoni. Njia yenye ushahidi mzuri ni ya zawadi: mteja akileta kipimo safi anapata kitu kidogo cha thamani papo hapo, na kinaongezeka kadiri anavyoendelea. Wengi hukasirika wakisikia hivyo, eti tunawahonga watu wasivunje sheria. Naelewa hasira hiyo. Lakini inafanya kazi.

Matibabu ya kulazimishwa na mahakama yana faida?

Yanaweza kuwa nayo. Mahakama za dawa za kulevya, ambazo ya kwanza ilianza kaunti ya Dade, Miami, mwaka 1989, zimejengwa juu ya wazo kwamba hakimu yule yule anamwona mtu mara kwa mara, anamsifu na kumkemea kwa jina. Msukumo wa mahakama huwafikisha watu mlangoni na huwafanya wakae muda wa kutosha hadi matibabu yashike. Ila kulazimishwa kuchagua kati ya matibabu na adhabu si sawa na kufungiwa. Nyumba inayowafunga watu minyororo, kuwapiga au kuwanyima dawa zao za UKIMWI kwa jina la kuwaponya si matibabu, hata kama familia imelipa na inaisifia. Usimpeleke mtu huko, na ukimkuta huko mtoe.

Kliniki inipe taarifa gani?

Andikeni makubaliano ya watu watatu, mteja akiwemo na akiwa ametia saini. Kwa kawaida unahitaji kujua kama amehudhuria na kama anaendelea na mpango. Alichosema kwenye unasihi hukihitaji, isipokuwa pale penye hatari ya mtu kuumizwa. Ofisi zinazoomba kila kitu huishia kupata wateja ambao hawamwambii mnasihi chochote.

Kwa nini wiki mbili za kwanza baada ya gereza zinaogopwa hivyo?

Kwa sababu mwili umesahau dozi lakini mtu hajaisahau. Uchunguzi wa wafungwa walioachiwa katika jimbo la Washington, Marekani, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa katika wiki mbili za kwanza hatari ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ya watu wengine, na ya kufa kwa dawa kuzidi mwilini mara 129. Hali ni hiyo hiyo kwa anayetoka rumande au kwenye nyumba ya kupata nafuu. Miadi ya kwanza iwe siku anayotoka, au kesho yake. Mwambie waziwazi kwamba kipimo alichozoea kinaweza kumuua sasa, asitumie akiwa peke yake, na kama naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidiwa na heroini, inapatikana awe nayo yeye pamoja na anaoishi nao.

## Vipimo

Kipimo cha mkojo kinaniambia nini?

Kwamba dawa fulani, au masalia yake, imepita mwilini ndani ya muda fulani. Basi. Hakisemi alitumia kiasi gani, alikuwa amelewa lini, wala kama ni mraibu. Mtu aliyetoka kutumia kila siku akafikia mara moja kwa wiki ana kipimo chanya na ana maendeleo makubwa, vyote kwa pamoja.

Heroini na kokeini kwa kawaida huonekana kwa siku mbili hadi nne, na amfetamini karibu vivyo hivyo. Bangi ni siku chache kwa anayevuta mara moja moja, lakini kwa mvutaji wa kila siku inaweza kufika mwezi mzima, hivyo vipimo viwili vya bangi vilivyofuatana ndani ya wiki mbili si ushahidi wa kutumia mara mbili. Pombe yenyewe huondoka ndani ya saa kadhaa tu.

Kinaweza kukosea?

Ndiyo, pande zote mbili. Kipimo cha haraka cha ofisini ni cha kuchuja tu. Dawa za kikohozi zenye kodeini, hata mbegu za mipopi kwenye mkate, zinaweza kuleta jibu la afyuni, yaani jamii ya heroini, na baadhi ya dawa za mafua zikaleta la amfetamini. Upande wa pili, kipimo cha kawaida cha afyuni hakioni methadoni, tramadoli wala fentanili. Kila moja inahitaji kipimo chake. Mteja akikana jibu ambalo linaweza kumrudisha mahakamani, sampuli iende maabara ikahakikishwe kwanza.

Nimemkamata na mkojo wa mtu mwingine. Nifanyeje?

Andika kama ilivyotokea, kwa sababu ni jambo la kuripotiwa. Halafu kabla hajaondoka muulize alikuwa anaogopa nini. Anayebeba chupa ya mkojo wa shemeji yake ndani ya suruali anakuambia kwamba anaamini ukweli utamgharimu zaidi. Wakati mwingine amekosea. Wakati mwingine, ukijitazama vizuri, hajakosea.

## Akirudia kutumia

Kipimo chanya cha kwanza, nimrudishe mahakamani?

Kwanza soma amri, maana zipo zisizokuachia hiari. Ikikuachia, kumbuka kwamba kurudia ni sehemu ya kawaida ya ugonjwa huu, kama sukari inavyopanda tena kwa mgonjwa wa kisukari.

Mwaka wangu wa kwanza mama mmoja aliniambia, bila kupimwa, kwamba ametumia mwisho wa wiki. Nilibadilika uso. Sikumfokea, nilichukua kalamu tu nikaanza kuandika kabla hajamaliza sentensi. Hakuniambia tena kitu kwa miezi saba. Alikuja kila miadi, alisema “mzima, mzima”, na nilijua habari zake aliposhikwa dukani.

Siku hizi naweka kalamu chini. “Asante kwa kuniambia, mama. Ilianzaje?” Tunarudi nyuma saa kwa saa: alikuwa na nani, alikuwa na fedha kiasi gani, aligombana na nani, alilala? Tukipata mahali pa kuziba, tunapaziba: anabadilisha njia ya kurudi nyumbani, mshahara unapokelewa na dada yake, kliniki inaangalia kama dozi inatosha. Kisha naandika, na anaona ninachoandika, pamoja na neno kwamba alisema mwenyewe. Neno hilo lina uzito mbele ya hakimu kuliko wengi wanavyodhani.

Adhabu kali si ndiyo itamfundisha?

Kinachohesabika zaidi ni adhabu kuwa ya haraka na ya kutabirika. Mpango ulioanzishwa Hawaii mwaka 2004 na jaji Steven Alm ulitumia vifungo vya siku chache tu lakini kwa kila kipimo chanya, bila kukosa, na matokeo yake ya awali yaliwasisimua wengi. Uliporudiwa kwa majaribio katika sehemu nne nyingine za Marekani, haukupunguza kurudia uhalifu kuliko probesheni ya kawaida. Somo ninalolichukua ni dogo: jibu haraka, jibu sawa kwa wote, na usitegemee adhabu ifanye kazi ya matibabu.

Basi ni lini nimrudishe?

Pale panapokuwa na hatari kwa mtu mwingine, kosa jipya, au kutoweka. Anayekuja kila wiki na kipimo kibaya bado yuko mikononi mwako. Asiyekuja kabisa ndiye wa kumtafuta, nyumbani kwake, kabla ya kuandika barua.

## Hali zinazotatanisha

Amefika ofisini akiwa amelewa.

Amefika. Hilo ni jambo la kwanza. Usifanye mahojiano wala kumsainisha kitu, kwa sababu hatakumbuka na hakitakuwa halali. Hakikisha yuko salama, hakuendesha gari kuja na hataendesha kurudi, mpe miadi ya kesho. Akianza kusinzia usimwache alale pembeni “apoe”. Angalia swali linalofuata.

Amezirai, midomo imebadilika rangi.

Kupumua polepole au kukoroma kwa ajabu, mboni ndogo kama ncha ya sindano na kutoamka ukimtikisa ni dalili za dawa za jamii ya afyuni kuzidi mwilini. Piga simu ya dharura, mpe naloksoni kama ipo, mpulizie pumzi mdomoni kama hapumui, akishapumua mlaze ubavu. Kaa naye. Naloksoni hufanya kazi dakika 30 hadi 90 na heroini au methadoni inaweza kudumu zaidi, hivyo aliyeamka akasema yuko sawa anaweza kuzima tena njiani. Maziwa, maji baridi na makofi havisaidii. Masharti ya probesheni yatazungumzwa siku nyingine.

Ni mjamzito na anatumia heroini. Nimwambie aache leo?

Hapana. Kukata ghafla kunaweza kuhatarisha mimba na kumrudisha kwenye matumizi. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inapendekeza methadoni au buprenofini kwa mjamzito. Mpeleke kliniki ya uzazi na ya uraibu wiki hiyo hiyo, na umwambie kwa uaminifu sheria ya ustawi wa mtoto inasemaje mahali mlipo. Hofu ya kunyang’anywa mtoto ndiyo huwafanya wengi wajifungue bila kumwona daktari hata mara moja.

Mama yake amenipigia kusema anatumia tena, lakini nisimtaje.

Msikilize, usimpe taarifa za mwanawe bila idhini yake, na usimwahidi siri usiyoweza kuitunza. Kipimo kilichopangwa kinaweza kuja mapema bila kueleza sababu. Muulize pia yeye mwenyewe anaendeleaje. Ndugu wengi hupiga simu usiku wa tatu bila usingizi.

Ameniambia ameuza kete mbili ili apate ya kwake.

Hapa ndipo ile ahadi ya siku ya kwanza inapojaribiwa. Mkatishe kabla hajataja zaidi, umkumbushe mipaka mliyokubaliana, kisha umweleze utakachofanya. Zungumza na msimamizi wako siku hiyo hiyo. Kubeba jambo hili peke yako hadi Ijumaa si huruma kwake, na si ulinzi kwako.

Mteja wangu amefariki.

Itatokea ukikaa kwenye kazi hii. Ofisi itataka jalada lifungwe na huenda pakawa na uchunguzi, kwa hiyo usibadilishe neno hata moja kwenye maandishi yako. Futa miadi yake yote kwenye mfumo kabla ya kufanya kitu kingine. Familia ikipata ujumbe wa kumwonya marehemu kwa kutohudhuria, hawatasahau. Waulize kama wangependa ufike msibani, na ukienda kaa nyuma. Kisha angalia kwenye orodha yako ni nani aliyekuwa akitumia naye, umpigie huyo leo.